Nani Kagusa Tangi la Samaki?

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu bado yuko kwa dada yake. Mguu wa dada uliovunjika haujaunga vizuri, anasema. Mguu gani huo usiounga?

Kanipigia asubuhi kabla sijamaliza chai. Hakuuliza nimelalaje. Kauliza samaki wamelalaje! Nikamwambia samaki hawalali, wanazubaa tu. Hakucheka. Akaanza somo lake: chakula punje chache, wakibakiza nikitoe. Tangi lisipigwe jua. Maji mapya yasitoke bombani moja kwa moja, yakae kwenye ndoo kwanza, dawa ya bomba inawaua. Na mfuniko urudishwe! Nikamwambia mimi ni mwalimu wa udereva, nimewafundisha watu kurudisha lori nyuma kilimani, nitashindwa na samaki wanne?

Wanne hao ni samaki wa dhahabu, na majina kawapa yeye. Waziri, kwa ajili ya tumbo. Bibi Harusi, mweupe, mkia wake unaburuta kama shela. Karoti — huyo hahitaji maelezo. Na Kiroboto, mdogo wao, asiyetulia hata dakika.

Jambo moja. Mfuniko niliuacha sawasawa nilipokwenda kazini. Nimerudi, umekaa upande. Upana wa kidole, basi, lakini upande. Upepo? Madirisha nilifunga mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Kiroboto hayupo!

Nimetafuta nyuma ya jiwe, ndani ya majani ya plastiki, mpaka ndani ya filta. Nimelala kifudifudi nikamulika chini ya kabati. Hamna. Hamna mzoga, hamna hata gamba moja. Samaki hayeyuki kama sukari.

Nikashuka kwa jirani wa chini. Mtaa mzima tunamwita Jenerali, kwa jinsi anavyokaa barazani kukagua wapitao. Ana paka wa rangi ya majivu mwenye macho ya mdai. Nikauliza kwa adabu, paka wako leo kashinda wapi? Akasema kashinda amelala, kwani vipi? Nikasema nauliza tu. Akasema, jirani, paka wangu hana hata meno ya kutafuna wali, mlango wako ataufunguaje?

Hapo ndipo nilipojiuliza. Mimi sikutaja mlango. Wala sikutaja samaki.

Ijumaa, 7 Machi

Leo kazini nina mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, kila akiona baiskeli anaachia usukani na kufumba macho. Bila ile breki ya pili iliyo upande wangu tungekuwa marehemu. Watu hudhani kazi yangu ni kufundisha. Kazi yangu ni kutarajia mabaya na kuweka mguu tayari.

Nayaandika haya kwa sababu ya simu ya jioni. Mke wangu kapiga. Habari za Kiroboto sijamwambia — nitaanzia wapi? Tukaongea la mvua, la mguu wa dada. Halafu akauliza: "Na hao watatu wanakula vizuri?"

Watatu!

  Mara akasema dada anamwita, akakata.

Nani kamwambia watatu? Mimi sikusema. Samaki hawana simu. Kwa hiyo kuna mtu anaingia humu ndani, anahesabu, halafu anapeleka habari.

Jumamosi, 8 Machi

Nimewapima wote. Jenerali anaona kila kitu lakini hana ufunguo. Fundi wa feni alikuja mwezi uliopita, akalitazama sana tangi, akasema hawa wakikaangwa hawajazi hata kijiko. Utani? Binti yetu yuko chuoni, mbali. Amebaki mama mkwe. Anao ufunguo wa akiba, alipewa tulipoibiwa mitungi ya gesi. Lakini mama mkwe! Mwanamke anayevua viatu tangu kwenye ngazi. Kumshuku mama mkwe ni kujitafutia laana, na mimi laana sina pa kuiweka.

Hata hivyo kila nikitoka nitabandika kipande cha selotepu chini ya mlango, pale ambapo mtu mwenye haraka haangalii. Kikibanduka, nitajua.

Mke wangu angeniona angesema, "Haya, umeanza." Ndiyo, nimeanza. Si mimi niliyepoteza samaki.

Jumanne, 11 Machi

Selotepu imebanduka.

Niliingia kama polisi. Sebule iko vile vile, mito ya kochi imepangwa vizuri kuliko nilivyoiacha — mwizi gani anapanga mito? Nikaenda kwenye tangi. Waziri. Karoti. Basi.

Bibi Harusi hayupo.

Na si hilo tu. Filta ilikuwa inanguruma kama ina mafua. Nikaitoa. Ndani kuna sponji, ile ya kunasa uchafu, nyeusi, inanuka tope. Ilikuwa nzima. Leo ni nusu. Imekatwa kwa mkasi, mkato ulionyooka kabisa, kama wa fundi cherehani. Nusu imebaki, nusu imekwenda.

Samaki, sawa, mtu anaweza kumtamani. Lakini sponji chafu! Nani anaiba uchafu?

Nikashuka kwa Jenerali. Leo umeona nani akipanda? Akasema kaona wengi, hii ni nyumba ya ghorofa, si kaburi. Mwenye ndoo je? Akakohoa. Akamwita paka. Akasema mimi jirani yangu ni wewe, na mkeo pia ni jirani yangu. Maneno gani hayo? Anajua. Wote wanajua!

Jumatano, 12 Machi

Nimeahirisha somo la mchana nikaenda kwenye duka la samaki wa mapambo, kule alikowanunua mke wangu. Muuzaji ni dada mdogo mwenye miwani mizito. Nikamtolea ile nusu ya sponji kwenye mfuko.

"Mjomba, mbona umeitoa? Irudishe upesi isikauke."

Nikamweleza. Samaki wawili wamepotea, mdogo kwanza, mkubwa baadaye, halafu hii imekatwa. Nikauliza ni uchawi au ni wizi?

Akacheka. Akasema hakuna uchawi. Ndani ya huo uchafu wanaishi vijidudu vizuri, ndivyo vinavyosafisha maji. Tangi jipya halina, kwa hiyo samaki wakiingizwa wote kwa pamoja wanakufa. Mtu anayejua kazi anakata sponji kwenye tangi la zamani, anaipandikiza kwenye jipya. Anatanguliza samaki mdogo. Maji yakitulia, anafuata mkubwa. Kisha wengine.

"Huyo si mwizi, mjomba," akasema. "Mwizi hana subira hiyo. Huyo anahama."

Nilisimama pale kati ya matangi yake, yanabubujika pande zote, nikasahau kuaga.

Anahama.

Basi kuna tangi jingine. Tangi haliwekwi hewani, liko sebuleni. Kuna sebule nyingine! Na kwenye sebule hiyo kuna kiti, na kwenye kiti hicho amekaa nani?

Ijumaa, 14 Machi

Nimemkamata.

Niliaga kama kawaida, nikazunguka nyuma ya jengo, nikakaa ndani ya gari la mafunzo — lenye ubao mwekundu juu, mjinga mimi, linaonekana kutoka mwezini. Haikupita muda. Mama mkwe huyo, mtandio umefungwa kiunoni, ndoo yenye mfuniko mkononi. Jenerali akamsaidia kuivusha ngazi ya kwanza. Jenerali!

Nikampa nafasi kidogo, nikapanda. Nilimkuta amekunja mikono ya gauni, wavu majini, anamwongoza Karoti taratibu, huku akimsemesha kama mtoto anayeogeshwa. Hakushtuka. Alitoa wavu mtupu, akajipangusa.

"Karibu nyumbani, mkwe wangu."

Anikaribishe mimi nyumbani kwangu!

"Shikamoo mama. Samaki wanakwenda wapi?"

"Marahaba. Wanakwenda kwa mwenyewe."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Akaanza kukunjua mikono ya gauni, upande mmoja, kisha wa pili. "Mimi nimetumwa ndoo, baba. Maneno sikutumwa. Mpigie."

Nikampigia hapo hapo, mama yake akisikia. Sikusalimu. Nikasema, nani mwenye hilo tangi jipya? Akasema ni la kwake. Yuko wapi? Amepanga chumba na sebule, karibu na dada. Mguu wa dada je? Ulipona zamani. Na kwenye hiyo sebule yupo nani?

Nikasikia maji yakibubujika upande wake.

"Kiroboto na Bibi Harusi," akasema. "Nilijua ndilo swali utakalouliza. Sikuwa na shaka hata kidogo."

Nikasema mtu asiye na la kuficha haibi samaki wake mwenyewe kwa ndoo. Akasema: "Mimi naweza kuondoka na kibegi nikafika salama. Wao hawawezi, wanahitaji maji yaliyotulia. Ningekwambia ungewazuia. Miaka yote hii nimeshika usukani, Mwalimu, na wewe umekaa pembeni mguu kwenye breki yako. Nimechoka kusimamishwa ovyo barabarani."

Nikasema breki ndiyo inayookoa watu.

Akasema, "Haya," akakata.

Mama mkwe aliondoka na ndoo tupu. Mlangoni aligeuka, akasema maji yabadilishwe kidogo kidogo kila baada ya siku chache, sponji imepungua. Nikamwambia ahsante, mama. Kwa sauti ambayo sasa nikiisikia kichwani siipendi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimebadilisha kitasa. Fundi kauliza, umeibiwa? Nikasema karibu.

Funguo zote ninazo mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Wawili hawa ni wangu sasa. Nimeamua kuwalea mwenyewe, waone nani anawajali. Nimewapa chakula asubuhi, nimewapa mchana nilipopita, nimewapa jioni. Punje chache, punje chache — ndiyo maana walikuwa wanakimbilia kioo kila wakiona mtu! Walikuwa na njaa. Leo Waziri amekula mpaka ameinama. Karoti anachungulia juu ya maji, anafungua mdomo, anafunga. Ananishukuru.

Nimerudi jioni nikakuta ndoo mlangoni, imefunikwa kwa sahani. Maji matupu, meupe. Jenerali, bila kuulizwa, akapaza sauti toka chini: mama amebisha sana, ufunguo umemkataa, kayaacha hayo, kasema yamelala siku nzima, ni ya samaki.

Maji ya samaki! Mtu aliyekuja na ndoo tupu nikamrudisha na ndoo tupu, leo analeta ndoo imejaa? Nimeyanusa. Hayanuki kitu. Na kitu kisichonuka ndicho cha kuogopa. Nimeyamwaga chooni, nikaiacha ndoo ngazini.

Jumatano, 19 Machi

Maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele. Waziri na Karoti wote wawili wako juu kabisa, midomo nje, wanatweta. Kumbe kule kufungua na kufunga mdomo hakukuwa shukrani!

Nimekimbia dukani nikiwa na shati la kazi. Dada wa miwani akaniuliza maswali kama daktari. Unawalisha mara ngapi? Nikamwambia. Akavua miwani. "Mjomba, unawavimbisha. Chakula kinaoza chini, na sponji uliyo nayo ni nusu, haiwezi. Wanavuta sumu yao wenyewe. Una maji yoyote yaliyokaa?"

Nilikuwa nayo. Ndoo nzima.

Akanipa kichupa cha dawa ya kuondoa klorini, ile dawa ya bomba, akasema usiwape kitu, punguza maji robo, weka mapya yaliyotiwa dawa, taratibu, ongeza hewa. Nilifanya yote. Nilifyonza uchafu chini kwa mpira wa maji, nikameza funda zima la maji yale.  Mimi, mwalimu wa udereva!

Jioni Waziri ameshuka kidogo, anapepea mapezi. Karoti amelalia upande, nyuma ya jiwe. Nimekaa naye. Namwambia vuta pumzi, taratibu, usishtuke. Maneno ninayowaambia wanafunzi.

Alhamisi, 20 Machi

Karoti amekufa.

Nimemfukia kwenye chungu cha maua cha mke wangu, kwenye roshani. Jenerali alikuwa chini, aliniona na kijiko.  Alimbeba paka wake akaingia ndani.

Mchana ukaja ujumbe kutoka kwa mke wangu: "Jumapili nitakuja mwenyewe kuwachukua waliobaki. Tafadhali usiwalishe Jumamosi, wakisafiri na tumbo tupu ni salama zaidi. Tukikaa tukaongea pia sitakataa."

Nimeisoma sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi. Sitakataa. Si nitafurahi, si nataka, sitakataa. Je, kuna mtu aliyekuwa kando yake akimwambia aandike nini?

Nimejibu: "Karibu." Nikaongeza: "Wote wazima." Nikabonyeza kabla kidole hakijapata akili.

Jumamosi, 22 Machi

Nimerudi dukani. Kwenye tangi la tatu kutoka mlangoni kuna kundi zima la rangi ya karoti. Nikasimama hapo mpaka dada wa miwani akaja. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Nikamwambia nataka huyu.

Aliangalia picha, akaangalia tangi, akaniangalia mimi. Alimtafuta kwa wavu, akaniletea mmoja, nikakataa. Akaleta mwingine, pezi la mgongoni lina alama nyeusi. Wa nne ndiye. Urefu ule ule. Mdomo ule ule wa kununa.

"Mgeni humchanganyi na wenyeji mara moja, anaweza kuleta ugonjwa. Muweke peke yake kwanza, wiki chache, umchunguze," akasema.

Wiki chache! Nina mpaka kesho asubuhi.

Nimekiacha kifuko kielee juu ya maji mpaka joto likalingana, hilo najua sasa. Kisha nikamwachia. Waziri akaja, akamzunguka, akamgusa ubavu kwa pua, akarudi kwenye kona yake. Hajatoka huko tangu wakati huo.

Nimewaangalia kutoka kwenye kochi. Kutoka mlangoni. Kutoka jikoni. Ukipita haraka, ni Karoti kabisa. Ukikaa ukatazama — Karoti alikuwa akigeukia kushoto kila akifika kwenye kioo. Huyu anageukia kulia. Nani anaangalia mambo kama hayo?

Nimefagia. Nimepanga mito.

Jumapili, 23 Machi

Amekuja. Nilikuwa dirishani.

Amekuja na gari dogo la bluu, la kukodi, na anayeendesha ni yeye! Peke yake. Miaka ile niliyomfundisha mimi alikuwa akilia kwenye kila mzunguko mpaka akasusa. Leo amelirudisha kinyumenyume pale kati ya ukuta na pikipiki za watu, mara moja, bila kugusa kitu. Kafundishwa na nani? Nimejikuta mguu wangu wa kulia umekandamiza sakafu.

Amepanda na ndoo mbili, pampu ndogo ya betri na taulo. Nilimfungulia kabla hajabisha. Amepungua kidogo. Kanyoa nywele, fupi kabisa, zimempendeza, sikumwambia. Akasema hujambo, nikasema sijambo, karibu, kama watu wanaokutana benki. Alikiona kitasa kipya. Alikipitisha kidole.

Nikamwandalia chai. Akakaa kwenye ukingo wa kochi, akanywa nusu. Akasema binti yetu anasalimia. Akasema chumba chake kina dirisha linalotazama ukuta, lakini hewa inapita. Akasema hakuna mtu, kama bado naulizia. Nikasema siulizii. Akatabasamu kidogo, lile tabasamu la zamani, na nikafikiri, labda. Labda niseme yote sasa hivi, la chakula, la ile ndoo, la chungu cha maua. Mdomo nilishaufungua.

Akainuka. Akasema, "Acha niwaone kwanza. Nikiwaona nitatulia, tutaongea vizuri." Akaniomba nimwachie sebule kidogo, samaki wasishtuke watu wakiwa wengi.

Ndiyo maana niko chumbani naandika. Mlango nimeurudishia tu, sikuufunga. Namwona mgongo. Amepiga magoti mbele ya tangi, viganja viwili juu ya mapaja, uso karibu na kioo. Anamwita Waziri, Waziri anatoka kwenye kona yake. Anamsemesha. Anacheka kidogo. Sasa anamwita Karoti.

Anamwita tena.

 Ndoo hajaishika. Wavu hajaushika. Anamfuata yule mwingine kwa macho tu, kutoka upande huu wa kioo mpaka ule, na kurudi.

Naona mabega yake yanavyoshuka.

Ananiita. Sauti yake ya kawaida kabisa, haina hasira hata chembe — afadhali ingekuwa nayo. Anauliza huyu mgeni kaingia lini.